Mlete Tumwone

Wazee wetu walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii aghalabu husemwa kwa mzaha, mtu anapochelewa kula na kukuta sufuria tupu. Kwa mtu aliyewekwa ndani si mzaha hata kidogo. Aliyefungiwa hawezi kwenda barazani kujieleza, hawezi kumfuata mkubwa ofisini, wala watu wa nyumbani kwake hawajui kama yu hai au amekufa. Lake halipo kwa sababu mwenyewe hayupo. Katika sheria zote zilizopita mikononi mwangu, naijua moja tu ambayo kazi yake hasa ni kuipinga methali hii. Sheria hiyo inamwambia aliyemshika mtu: mlete hapa tumwone, nawe utueleze kwa nini umemshika.

Wanasheria huiita kwa jina la Kilatini, habeas corpus, na maana yake ni kwamba uje na mwili wa huyo mtu, si habari zake. Mimi nitaiita hati ya kumleta mtu, kwa maana ndivyo tulivyokuwa tukiieleza kwa wananchi waliofika dirishani kwetu. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa katika nchi hii ya magharibi, kati ya Tabora, Mpanda na Sumbawanga. Karani si jaji wala wakili. Lakini karani ndiye anayeipokea karatasi kabla jaji hajaiona, na ndiye anayejua ni karatasi ngapi ambazo jaji hataziona kamwe. Kwa hiyo nikiandika juu ya historia ya hati hii, naiandika kwa upande wa karatasi.

Waingereza walikuwa nayo kwa karne nyingi kabla ya kutufikia. Mwaka 1679 Bunge lao lilitunga sheria ya kuwabana wakuu wa magereza waliozoea kuchelewesha majibu, au kumhamisha mfungwa kutoka gereza hadi gereza ili hati isimkute. Tazama basi, msomaji, hila hiyo ilivyo kongwe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipowekwa chini yao, walianzisha Mahakama Kuu mwaka 1920, na sheria ya mwenendo wa jinai waliyotuletea ilifuata kwa sehemu kubwa ile waliyokuwa wakiitumia India tangu 1898. Kanuni za namna ya kuomba hati hii zikaanzia 1930. Tulipotunga sheria yetu wenyewe ya mwenendo wa makosa ya jinai mwaka 1985, madaraka hayo yaliwekwa katika kifungu cha 390, na maneno yake hayakuachana sana na yale ya zamani.

Kifungu hicho kina maneno mawili ambayo yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni "mtu yeyote". Hakikusema raia, wala hakikusema mtu mwema. Mtu yeyote aliyeko Tanzania Bara, akishikwa kinyume cha sheria, Mahakama Kuu yaweza kuagiza aletwe, na yaweza kuagiza aachiwe. La pili ni kwamba hakijali ni nani aliyemshika. Awe mikononi mwa Serikali, awe mikononi mwa mtu binafsi, ni mamoja. Hata ndugu aliyemfungia ndugu yake chumbani anaweza kuulizwa swali lilelile analoulizwa mkuu wa gereza.

Swali lenyewe ni jepesi mno. Lakini njia ya kulifikisha mbele ya jaji si nyepesi.

Kwanza, si kila mahakama inaweza kulipokea. Hakimu wa mwanzo hawezi, hakimu wa wilaya hawezi. Ni Mahakama Kuu peke yake. Pili, Mahakama Kuu haiendeshwi kwa malalamiko ya mdomo. Panahitajika hati ya maombi kwa jaji, na pamoja nayo hati ya kiapo. Kiapo hicho hutakiwa kutolewa na yule aliyefungwa mwenyewe, akieleza kwamba maombi yanaletwa kwa matakwa yake, na akieleza amezuiliwa vipi, wapi na na nani. Kama kule kufungwa kwenyewe kunamzuia asiweze kuapa, mtu mwingine anaweza kuapa kwa niaba yake, lakini sharti aeleze kwa nini mwenyewe hakuweza. Kiapo lazima kiapwe mbele ya kamishna wa viapo, naye aandike mahali na tarehe kilipoapwa. Mjibu maombi lazima awe ndiye hasa anayemshikilia huyo mtu. Ukimtaja mkuu wa kituo wakati mtu wako amekwisha kupelekwa gerezani, umebisha hodi nyumba ya jirani.

Sasa mfikirie mtu aliyelala sakafuni, hana kalamu, hajui siku ya mwezi. Aandikeje mahali na tarehe? Kamishna wa viapo aingie kwa mlango upi? Jina la anayemshikilia alipate wapi, ikiwa aliyemkamata hakujitambulisha? Kwa miaka mingi karatasi za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Mpimbwe anayesema Kipimbwe nyumbani na Kiswahili sokoni, alitakiwa kulalamikia minyororo yake kwa lugha ambayo hajapata kuota ndoto kwayo.

Hapo hapana budi nitofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa na mahakama yenye mamlaka, akaona ameonewa, njia yake si hati hii bali ni rufaa. Na katika rufaa sheria yetu imemfikiria mfungwa kwa huruma. Anatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, analeta sababu zake ndani ya siku 45, na siku anazosubiri kupewa nakala ya hukumu hazihesabiwi. Tena hahitaji kusafiri wala kutafuta wakili. Anamkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye mkuu wa gereza anawajibika kuzipeleka kwa Msajili. Nimezipokea rufaa nyingi za namna hiyo, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mfungwa mmoja anayejua kusoma, ambaye huwaandikia wenzake wote wa chumba kile. Hati ya kumleta mtu ni ya yule ambaye hajafika hata hatua hiyo. Hana hukumu ya kuikatia rufaa. Ndiyo kusema, aliyehukumiwa ana mtu wa kumbebea karatasi, na aliyeshikwa bila hukumu hana.

Marekani mambo yamekwenda kinyume. Huko wafungwa waliokwisha kuhukumiwa na mahakama za majimbo hutumia hati hii kuomba mahakama za shirikisho ziangalie upya kama katiba ilivunjwa. Lakini mwaka 1996 Bunge lao liliweka masharti magumu: mfungwa ana mwaka mmoja tu wa kuleta maombi, awe amemaliza kwanza njia zote za mahakama za jimbo, na akitaka kuleta maombi ya pili aombe ruhusa kwanza. Hata nchi tajiri yenye mawakili wengi, basi, mfungwa huhesabiwa siku zake. Hata hivyo wana kanuni moja niipendayo. Mwaka 1988 mahakama yao ya juu iliamua kwamba karatasi ya rufaa ya mfungwa asiye na wakili ihesabiwe imewasilishwa siku aliyowakabidhi wakubwa wa gereza, si siku ilipofika masjala. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya dirisha la masjala: mfungwa hana mamlaka juu ya karatasi yake tangu inapotoka mkononi mwake.

Kwetu Mpanda jambo hili la umbali ni kubwa. Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi lile la kilomita 210 kutoka Kaliua lilijengwa miaka ya 1940 ikielekea kwisha, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki na watu wake. Kiserikali tumekuwa chini ya Tabora katika Jimbo la Magharibi, halafu tukawa Mkoa wa Rukwa katika miaka ya 1970, na tangu 2012 tuna mkoa wetu wa Katavi. Lakini jaji wa Mahakama Kuu kwa muda mrefu alikuwa mbali, Tabora au Mbeya, na hata masjala ilipofunguliwa Sumbawanga, bado ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 200, barabara ikikatiza hifadhi ya Katavi ambako masika gari huweza kulala njiani. Mtu aliyefungwa huhesabu siku zake moja moja. Karatasi yake ilihesabu safari kwa wiki.

Nilimwona mama mmoja wa makamo aliyetoka upande wa Mpimbwe. Mwanawe alichukuliwa usiku na watu waliosema wanampeleka kituoni, kituo ambacho sitakitaja. Siku ya sita alifika mahakamani ameshika shati la kijana, kana kwamba shati lingemtambulisha. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuja kushitaki mtu. Nataka nimwone tu." Nilimweleza habari ya kiapo, nikamwonyesha mahali pa kumpata kamishna wa viapo. Akauza kuku, akarudi na hati. Hati ikaenda, ikarejeshwa, kwa kuwa aliyemwapisha hakuandika mahali kiapo kilipoapwa. Mama akaanza upya. Karatasi iliyo sawasawa ilipokuwa tayari, kijana alikwisha fikishwa kwa hakimu kwa shitaka la kuwinda bila kibali. Tangu hapo maombi ya mama hayakuwa na kazi tena, maana mtu aliyefikishwa mahakamani amekwisha letwa. Hivyo ndivyo maombi mengi ya aina hii yanavyokufa. Jaji hayakatai. Yanapitwa tu na wakati. Walakini yule mama hakuiona safari yake kuwa ya bure. Aliniambia kwamba mwanawe alitolewa haraka siku ile ile waliposikia kuna karatasi inaandikwa. Siwezi kuthibitisha, lakini nimelisikia jambo hilo kwa wengi mno kulipuuza.

Hayo ni ya mtu wa kawaida. Kuna wakati ambapo hata karatasi iliyo sawasawa kabisa isingefaa kitu, na Mpanda ina historia katika hilo.

Mbunge wa Mpanda wakati tunapata Uhuru alikuwa Christopher Kasanga Tumbo, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, mmoja wa viongozi wa mgomo mrefu wa reli wa mwaka 1960. Ilikuwa ni haki watu wa mwisho wa reli wawakilishwe na mtu wa reli. Mwaka 1962 alipelekwa London kuwa balozi, lakini mwaka huohuo alijiuzulu na kuanzisha chama cha upinzani. Septemba 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Sheria hiyo ilimpa Rais mamlaka ya kumzuia mtu bila kumshitaki iwapo ameridhika kwamba mtu huyo ni hatari kwa amani na utulivu. Kifungu cha tatu kilisema kwamba amri iliyotolewa chini ya sheria hiyo isihojiwe na mahakama yoyote. Januari 1963 kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Victor Mkello, alihamishiwa Sumbawanga kwa nguvu ya sheria nyingine, ile ya kikoloni ya kuhamisha watu, iliyoanzia 1921. Ndiyo kusema, kusini yetu tu, nchi ya Wafipa, ilitumiwa kama gereza lisilo na kuta. Na Januari 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, Tumbo aliyekuwa amehamia Mombasa alirudishwa Tanganyika, akawekwa kizuizini kwa miaka kadhaa. Hakupata kesi.

Siandiki haya ili kumsimanga aliyekuwa akitawala. Nchi ilikuwa changa, jeshi lilikuwa limeasi, na majirani walikuwa wakipinduana. Nataka tu msomaji aone kifungu cha tatu kilifanya nini. Hakikuifuta hati ya kumleta mtu. Hati ilibaki vitabuni, Mahakama Kuu ilibaki, jaji alibaki kitini. Kilichoondolewa ni swali. Mtu angeweza kuletwa, lakini mshikaji akionyesha amri, mazungumzo yalikwisha. Mbunge aliyewahi kusimama bungeni kwa ajili ya Mpanda na yule kijana wa Mpimbwe wakawa sawa: wote wawili hawapo, na lao halipo.

Hata hivyo sheria ile ile kali iliweka sharti moja ambalo pengine waliolitunga hawakulipa uzito. Ilisema Rais ataagiza mtu azuiliwe kwa amri yenye saini yake na lakiri, yaani muhuri mkuu wa nchi. Sharti hilo ni la karatasi tu. Lakini miaka ya 1979 na 1980 watu waliokuwa wamezuiliwa Arusha walipopeleka maombi yao Mahakama Kuu, swali lililojitokeza likawa hilo hilo: je, kweli pana amri hapa? Mahakama haikuruhusiwa kuihoji amri ya Rais. Lakini nani ameizuia kuuliza kama karatasi iliyoletwa ni amri ya Rais? Shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lesinoi Ndeinai na wenzake lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1980, mahakama yenyewe ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Majaji walishikilia kwamba sheria inayomnyang'anya mtu uhuru wake sharti ifuatwe neno kwa neno.

Mimi naliona shauri hilo kuwa ndilo fundisho kubwa kuliko yote katika historia hii. Miaka yote tulikuwa tumezoea kwamba masharti ya karatasi ni ya mfungwa: yeye ndiye aandike tarehe, yeye ndiye ataje mahali, yeye ndiye arudishiwe hati akikosea. Hapa mambo yakageuzwa. Na wewe uliyemfunga, iko wapi saini yako? Uko wapi muhuri wako? Kama mnyonge anadaiwa karatasi iliyo kamili ili atoke, mwenye nguvu naye adaiwe karatasi iliyo kamili ili amweke ndani. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya aliyefungwa ni kuona kwamba aliyemfunga naye amefungwa na sheria.

Jirani zetu wa Uganda walipitia mtihani huo huo kwa namna ya kusikitisha zaidi. Mei 1966, katika siku zile za vita baina ya Milton Obote na Kabaka wa Buganda, mkuu wa saza la Buddu, Michael Matovu, alikamatwa. Alihamishwa gereza hadi gereza. Mwezi Julai akaachiwa, na papo hapo akakamatwa tena kwa amri nyingine. Maombi yake yalipofika Mahakama Kuu mjini Kampala, upande wa Serikali ulionyesha kasoro chungu nzima: maombi hayakumtaja sawasawa mtu ambaye hati ingemwendea, na kiapo kilichanganya habari za matukio na hoja za sheria. Kasoro hizo zilikuwa za kweli. Majaji watatu chini ya Sir Udo Udoma walizikubali kwamba ni kasoro, kisha wakasema kwamba uhuru wa mtu ni jambo kubwa mno kuzuiwa na umbo la karatasi, wakaendelea kumsikiliza.

Lakini Matovu hakushinda. Mahakama ilisema mabadiliko ya mwaka 1966 yalikuwa mapinduzi yaliyofanikiwa, na kwamba katiba mpya ilikuwa halali. Jambo linalonishangaza mimi, karani, ni jingine. Katika shauri hilo majaji walieleza kwamba kiapo cha mahakamani ni badala ya ushahidi wa mdomo, kwa hiyo kiwe na mambo ya kweli tu ambayo muapaji anayajua, bila hoja wala maombi wala hitimisho la kisheria. Maneno hayo yamekuwa yakitajwa katika mahakama za Afrika Mashariki tangu wakati huo hadi leo, Tanzania ikiwamo, na mara nyingi hutajwa ili kuviondoa viapo vya watu. Ule moyo wa kupuuza kasoro kwa ajili ya uhuru wa mtu, uliokuwa katika hukumu hiyo hiyo, hutajwa mara chache zaidi. Kwangu dirishani kiapo kiliweza kurudi kwa sababu ya sentensi moja yenye hoja ndani yake, kwa nguvu ya hukumu iliyotolewa na majaji ambao wao wenyewe hawakumrudisha mfungwa wao.

Na isidhaniwe kwamba anayeomba ndiye peke yake anayejihatarisha. Septemba 1972 Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alitoa amri ya kuachiwa kwa mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyekuwa ameshikwa na askari. Tarehe 21 mwezi huo huo watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, wakamtoa Jaji Mkuu mwenyewe. Hakuonekana tena. Mtu aliyekuwa na mamlaka ya kusema "mlete" akawa ndiye wa kutafutwa, na hapakuwa na wa kumwandikia hati. Nikilifikiria jambo hilo naona kwamba muhuri na karatasi havina nguvu vyenyewe. Nguvu yake ni kwamba mwenye bunduki amekubali kuvijibu. Siku atakapokataa, kitabu chote cha sheria ni kurasa za kufungia karanga.

Kwetu, namshukuru Mungu, mwendo umekuwa wa polepole lakini wa mbele. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia Machi 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Mwaka huohuo wa 1988, katika shauri dhidi ya Mkuu wa Gereza la Musoma, Jaji Mwalusanya wa Mwanza alisema ile sheria ya kikoloni ya kuhamisha watu ilikuwa kinyume cha Katiba. Sheria ya kizuizini nayo ilirekebishwa mwaka 1985: aliyezuiliwa aelezwe sababu ndani ya siku 15, na aweze kuhoji. Mwaka 2000 Katiba ikaongezewa ibara inayozitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kifundi kiasi cha kukwamisha haki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitambua wasaidizi wa kisheria na kuagiza msaada huo uwafikie watu walio magerezani na mahabusu. Na mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama zote. Yule mama wa Mpimbwe angefika sasa, angeweza kusomewa kiapo chake na kukielewa kabla ya kutia dole gumba.

Yapo pia masharti yanayowabana wenye madaraka huku huku mikoani. Chini ya sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997, mkuu wa mkoa au wa wilaya anaweza kuagiza mtu akamatwe kwa muda usiozidi saa 48, lakini anatakiwa aandike sababu zake, na mtu huyo apelekwe mbele ya hakimu au aachiwe. Wengi wanaijua sehemu ya kwanza ya sheria hiyo, ile ya kukamata. Sehemu ya pili, ile ya kuandika, haina wasomaji wengi.

Katika mkoa huu wetu lile neno "mtu yeyote" lina uzito wa peke yake. Katumba tangu 1973 na Mishamo tangu 1978 walikaa makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kwa miongo mingi hawakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali, na mtu aliyekutwa Mpanda mjini bila karatasi aliweza kushikwa. Baadaye wengi walipewa uraia, na vyeti vyao vikagawiwa kuanzia 2014. Lakini hata kabla ya cheti, kifungu kile hakikuwahi kuwabagua. Mkimbizi wa Mishamo aliyeshikwa isivyo halali alikuwa na haki ya kuletwa mbele ya jaji kama mwenyeji. Kama alikuwa na mtu wa kumwambia hivyo, hilo ni jambo jingine.

Watu huniuliza kama nadhani masharti haya ya kiapo na tarehe yafutwe yote. Sidhani. Mahakama isiyodai kiapo itajaa uvumi, na mtu asiye na tarehe kwenye karatasi yake anaweza kuibiwa siku zake kwa urahisi zaidi. Karatasi ni kumbukumbu ya mnyonge pia. Ninachosema ni kwamba sharti likiwa la mfungwa, litafsiriwe kwa huruma, maana hana mikono. Na likiwa la mfungaji, litafsiriwe kwa ukali, maana mikono yake ni mingi. Mkuu wa gereza anayepeleka rufaa za waliohukumiwa awapelekee na wasiohukumiwa karatasi zao, na siku waliyomkabidhi iandikwe na ihesabiwe. Hilo halihitaji jengo jipya wala fedha nyingi. Linahitaji kitabu cha kupokelea na mtu mwaminifu wa kukiandika.

Nawe msomaji, ukisikia mwana wa jirani amechukuliwa, usingoje mpaka upate maneno ya Kilatini. Uliza yuko wapi. Uliza ameshikwa na nani, na uandike jina. Andika siku na saa. Mpe mama yake karatasi hiyo aende nayo, kwa maana siku ya kuapa atahitaji kila neno lililomo ndani yake.